Waya wa stenlesi "usiotaka gesi" ambao kumbe ni wa gesi

Naandika hasira ikiwa bado haijapoa. Koili ya waya wa dawa (wenye unga wa dawa ndani yake) wa kuchomelea stenlesi imebandikwa stika kubwa inayosomeka ukiwa mlangoni: HAIHITAJI GESI. Ukiigeuza ubavuni, kwa maandishi madogo ya kukazia macho, imechapwa E308LT1-1. Ile 1 ya mwisho, baada ya kistari, maana yake waya huu huchomwa chini ya kinga ya kaboni dioksidi. Hakuna tafsiri nyingine. Koili moja, maneno mawili yanayopingana, na aliyeniuzia akashika lile la stika.

Kabla ya kutoa hela, soma tarakimu hiyo ya mwisho. Ikiwa 1, unahitaji kaboni dioksidi. Ikiwa 4, unahitaji mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, agoni ikiwa asilimia 75 hadi 80. Ikiwa 3, ndiyo huo usiotaka gesi, na mara nyingi utaukuta kama E308LT0-3. Tarakimu iliyotangulia kistari nayo ina kazi yake: 0 ni ya kuchomelea kitu kilicholala au mshono wa mlalo, 1 ni ya mkao wowote. Ukilazimisha waya wa 0 kwenye mshono wa kusimama, uji wa chuma unashuka.

Sasa niseme ulichofanya waya huu. Bamba la 304, stenlesi ya kawaida, la milimita 3, limesafishwa kwa asetoni na brashi mpya ya nyaya za stenlesi. Moto unawaka vizuri, sauti ni nzuri, hata gamba la dawa iliyoyeyuka linafunika mshono kama kawaida. Unaligonga, linatoka, na chini yake ni sega la nyuki. Vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini vimejipanga katikati ya mshono, vingine vimepasuka kama mapovu, na kingo zimekuwa nyeusi za vumbivumbi. Ukikata kwa grenda kuangalia ndani, vitundu vinaendelea mpaka chini. Mshono huo haushiki maji wala mzigo.

Sababu inajulikana. Dawa iliyomo ndani ya waya wa gesi imetengenezwa kuunda gamba na kutuliza moto, si kuzalisha kinga yake yenyewe. Ukiondoa gesi, naitrojeni ya hewani inaingia kwenye uji wa chuma, na chuma kinapoganda naitrojeni inatafuta njia ya kutoka. Hapo ndipo vitundu vinapozaliwa. Oksijeni nayo inaichoma kromi, ile ile inayozuia kutu. Waya wa 3 una dawa ya kutoa moshi wa kinga na vitu vya kuikamata naitrojeni kabla haijaleta madhara. Huwezi kuubadilisha mmoja uwe mwingine kwa kucheza na vitufe vya mashine.

Hata hivyo sikukimbilia kulaumu waya. Nilibadilisha ncha ya shaba. Nilipunguza urefu wa waya unaotoka nje ya ncha. Nilishusha volti, nikapandisha volti, nikageuza chanya na hasi, nikafunga madirisha upepo usipite. Vitundu viko pale pale. Unyevu nao niliufikiria, kwa sababu dawa iliyovuta unyevu huacha vijia virefu kama njia za minyoo juu ya mshono. Hapa hapakuwa na vijia, palikuwa na mapovu ya mviringo kila mahali, na hiyo ni dalili ya kukosa kinga.

Nikampelekea muuzaji picha mbili, ya mshono na ya ubavu wa koili. Jibu lake ndilo lililonikosesha usingizi.

"Fundi, waya hauna shida. Shida ni mkono wako."

Nikamwambia, "Kaka, soma tarakimu ya mwisho hapo ubavuni. Huu ni wa gesi."

"Hizo namba ni za kiwandani. Sisi tunauza kwa stika. Mafundi wakubwa wanauchukua huu huu na hawalalamiki. Halafu umeshaufungua, haurudi."

Namba za kiwandani! Mtu anauza vifaa vya kuchomelea na anaona namba inayosema waya ni wa aina gani kama pambo. Kama angesema hajui, ningemwelewa, kila mtu ana asichokijua. Kumwambia mteja kwamba mkono wake ni mbovu wakati ushahidi uko kwenye picha aliyotumiwa ni dharau, na ni dharau inayoweza kumuumiza mtu. Mwingine atachomelea mguu wa tangi kwa waya huo, aupige rangi juu, na tangi lijae maji.

Baadaye nilipata koili yenye 3 kwelikweli, ya kampuni nyingine, na hapa lazima niwe mkweli hata kama naharibu hasira yangu: kazi ilitoka. Si ya kupigia picha, ila ilitoka. Gamba linajinyanyua lenyewe mshono ukipoa, na linaruka likiwa bado la moto, kwa hiyo usivue miwani ukishainua helmeti. Chini yake mshono ni wa kijivu, mawimbi ya karibukaribu, hakuna tundu. Ukigusa kwa sumaku ndogo, mshono unaivuta kidogo wakati bamba la 304 pembeni haliivuti. Wapo wanaodhani hapo wameuziwa chuma cha kawaida. Hapana, mshono wa 308L unatakiwa kuwa na feraiti kidogo ndani yake, sehemu ya chuma inayovutwa na sumaku, ili usipasuke unapoganda. Ukivuta moto mrefu, naitrojeni inaingia na feraiti inapungua, ndiyo maana moto mfupi si suala la urembo.

Jambo ambalo watu wengi wanalikosea ni chanya na hasi. Waya usiotaka gesi wa chuma cha kawaida, mara nyingi tochi ya kuchomelea huwekwa kwenye hasi. Huu wa stenlesi wenye 3 mwishoni, tochi hukaa kwenye chanya na eathi kwenye hasi. Ukisahau kugeuza, moto unatapatapa, matone yanarukia kila upande na mshono unakaa juu ya bamba kama gundi iliyomwagika bila kuzama. Baadhi ya mashine ndogo za nyumbani zimefungwa kiwandani kwenye hasi moja kwa moja, huwezi kugeuza. Angalia hilo kwanza. Kama mashine yako haigeuki, waya huu si wako, hata uwe mzuri namna gani.

Rola za kusukuma waya ziwe zenye meno madogo, na usizikaze mno, maana waya huu ni bomba jembamba lenye unga ndani. Ukilibana linapondeka, unga unapungua mahali pamoja na kujaa pengine, na moto unaanza kukohoa. Tochi iburute, usiisukume, la sivyo gamba litakutangulia na kunaswa ndani ya mshono.

Stenlesi inapitisha joto kwa shida, takriban theluthi moja ya chuma cha kawaida, na inatanuka karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo joto linabaki pale ulipochoma na bamba linapinda mbele ya macho yako. Weka vishikizo (nukta za mshono za kushikilia bamba) karibukaribu, nusu ya umbali uliozoea, kisha choma vipande vifupi ukirukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kipande cha shaba nene nyuma ya mshono kinanyonya joto na kuzuia kutoboka. Subiri bamba lishuke chini ya nyuzi 150 kabla ya kurudia mahali pale pale. Kwa bamba la chini ya milimita 1.5, sishauri kabisa. Utatoboa, utajaza, utatoboa tena.

Upande wa nyuma ndio unaonirudisha kwenye hasira, kwa sababu hakuna stika inayoutaja. Dawa inalinda mbele tu. Mshono ukizama mpaka ng'ambo, nyuma yake inaungua na kuwa chengachenga nyeusi kama sukari iliyoungua, na kutu itaanzia hapo. Kwa fremu, mabano na vishikio, haina neno. Kwa ndani ya chombo cha chakula au bomba la maji ya kunywa, usitumie waya huu. Tafuta mtu anayechomelea kwa tigi, moto wa sindano ya tangsteni na gesi ya agoni, mwenye agoni ya kupuliza nyuma.

Na moshi. Waya wa dawa unatoa moshi mwingi, na moshi wa stenlesi unabeba kromi yenye valensi sita, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Kitambaa puani hakisaidii. Vaa kipumulio chenye kichujio cha P100 au P3 kinachoingia chini ya helmeti, chomea penye hewa inayopita, na kichwa kisiwe juu ya moshi. Kwenye koili hii ya stika, onyo hilo lilikuwa limefunikwa na stika yenyewe. Niliibandua ndipo nikalikuta.

Nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja. Kwa koili yenye 3 mwishoni natoa tatu, kwa sharti la chanya na hasi na la bamba lisilopungua milimita 1.5. Kwa ile ya kwanza sijui niseme nini, kwa sababu waya wenyewe hauna kosa. Niliazima mtungi wa kaboni dioksidi, nikafunga bomba, tochi nikaiacha kwenye chanya, nikachoma bamba lile lile. Mshono umetoka laini, umemeremeta, umezidi hata ule wa 3. Mkono ni huu huu aliouita mbovu. Nimemtumia picha ya tatu, ameisoma, hajajibu.