Po ya mtoto: ipi ya kununua Birere, na ipi ya kumwachia muuzaji

Mtoto akishapita mwaka mmoja na nusu, pesa ya pampasi inaanza kuuma, na ndipo watu wanakumbuka po, kile chombo kidogo anachokalia mtoto kujisaidia. Kwa Goma po ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, kuchimba shimo refu ni taabu, na vyoo vingi vimeinuliwa kwa ngazi. Mtu wa miaka miwili hawezi kupanda zile ngazi peke yake, na akifika juu anakuta tundu linaloweza kummeza mguu. Akikataa, ana haki.

Mtaa wa Birere na soko la Virunga, humu humu mjini, utakuta aina tatu. Kuna po ya kipande kimoja yenye mkono wa kushikia. Kuna ya kiti, yenye bakuli la kuchomoa na kifuniko. Halafu kuna ile ya umbo la gari au mnyama, nyingine zikipiga muziki. Kiduara cha kuweka juu ya choo cha kukalia kipo pia, lakini ni cha nyumba chache, tukiache.

Nunua ya kipande kimoja. Sababu ya kwanza ni maji. Ikiwa laini ndani, inasafishwa na lita moja tu: nusu ya kusuuza, kisha sabuni, na nusu ya kumalizia. Ile ya kiti inavutia macho, na mtoto anakaa humo kama chifu, ila ina mfereji pale bakuli linapoingia. Mkojo unateleza mle, unakauka, na baada ya siku mbili hata mgeni aliye mlangoni anapata habari. Kuitakasa lazima uchomoe bakuli, ugeuze kiti, usugue mfereji kwa mswaki wa zamani. Hapo lita nne zimekwenda. Mara tano kwa siku, bidoni nzima ya lita 20 imeishia kwenye makalio ya mtu mmoja mdogo.

Ya kiti ina shida nyingine. Ikiwa bakuli linakaa juu juu na mdomo wake ni mwembamba, linaganda kwenye ngozi yenye jasho. Mtoto anasimama kwa furaha ya kazi aliyomaliza, bakuli linasimama naye, halafu linaachia. Yaliyobaki ni kudeki.

Kuhusu ile ya gari, mtoto anaielewa kama gari. Ataipanda, ataisukuma hadi sebuleni, atampakia mdogo wake, kisha ataenda kukojoa nyuma ya mlango. Hana kosa lolote, mmempa gari. Ya muziki nayo inamshtua katikati ya kazi, na mtoto aliyeshtuka anabana.

Kabla ya kulipa, ipime palepale sokoni. Iweke chini, bonyeza ukingo wa upande mmoja kwa kiganja. Upande wa pili ukiinuka, irudishe, maana watoto hukaa kwa kujitupa. Kitako kiwe kipana kuliko mdomo. Pitisha kidole ukingo wote polepole, hasa nyuma na chini ya mdomo: plastiki iliyomiminwa vibaya huacha mshono mkali, mwembamba kama ukucha, na ndio unaokwaruza mapaja. Mshono mdogo unaondolewa kwa msasa laini; mkubwa usikuhangaishe, chukua nyingine. Minya ubavu: ikitoka mistari myeupe, plastiki ni kavu na itapasuka mapema. Inue juu kuelekea jua. Ukiona mahali mwanga unapita zaidi, pale ndipo ufa utaanzia. Mwisho angalia mkono wa kushikia. Ukiwa na uwazi ndani na tundu upande wa chini, maji machafu yataingia na hayatatoka. Chagua mkono mgumu usio na tundu.

Kimo cha kufaa ni sentimita 15 hadi 20. Mtoto akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini na magoti yapande kidogo kuliko nyonga. Miguu ikining'inia, hana pa kujisukumia, na choo kigumu hakitoki. Kwa mvulana, ukingo wa mbele uinuke sentimita tatu au nne, uwe wa mviringo. Mkali na mrefu utamgonga siku ya kwanza, na wiki nzima hataki kuiona. Afundishwe kurudi nyuma taratibu hadi ahisi po, ndipo akae, kisha aelekeze uume chini kwa mkono.

Iweke mahali pamoja, pasipo mteremko. Kwenye ua wa mawe tandika kipande cha zulia au gunia lililokunjwa. Asubuhi za Goma zina baridi, mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na plastiki iliyolala sakafuni inauma. Isuuze kwa maji ya uvuguvugu, ifute, ndipo umkalishe. Ugomvi mwingi wa saa kumi na mbili asubuhi unaishia hapo.

Usianze kwa sababu mtoto wa jirani ameanza. Anza ukiona anakaa mkavu saa mbili mfululizo, anaweza kushusha kaptula mwenyewe, na anakuambia au anajificha pembeni akitaka kwenda. Wengine wako tayari kwenye miezi 18, wengine baada ya miaka miwili na nusu. Mvalishe kaptula ya lastiki. Vifungo na mkanda ni adui wa haraka. Siku za kwanza akalie po akiwa amevaa, aizoee. Kisha, zikipita dakika 15 au 20 baada ya kula, mkalishe, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo nao unaanza kusukuma. Dakika tano zinatosha, kumi ndiyo mwisho. Asipotoa kitu, ainuke bila hotuba.

Na ndugu wasikusanyike kutazama. Nyanya, shangazi na kaka watatu wakiimba mbele ya po, hakuna anayeweza kufanya kazi.

Kinachoharibu safari hii mara nyingi ni fimbo na aibu. Mtoto aliyechapwa kwa kujikojolea anajifunza kubana. Akibana, choo kinakuwa kigumu. Kikiwa kigumu kinauma. Kikiuma anabana zaidi. Hapo simamisha po kwa wiki moja au mbili, ongeza maji, papai, maharage na lengalenga. Akikaa siku tatu bila choo huku akilia maumivu, au ukiona damu, mpeleke kituo cha afya. Usiku ni jambo lingine kabisa: mtoto wa miaka minne anayelowesha godoro si mgonjwa wala si mkaidi.

Kuna watu wanaoamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina madhara kama cha mtu mzima, na kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye mji huu na kando ya Ziwa Kivu. Kimwage chooni. Kisimwagwe kwenye nyufa za mawe nyuma ya nyumba, maana maji hupita humo kwa urahisi. Wewe na mtoto mnawe mikono kwa sabuni, hata kama ni mkojo tu.

Kwa kawaida sabuni inatosha. Mtoto akiharisha, baada ya kuosha tia javeli, yaani dawa ya klorini ya kuua vijidudu: kama chupa imeandikwa 5%, changanya kikombe kimoja na vikombe tisa vya maji, acha dakika kumi, kisha suuza. Usimimine javeli juu ya mkojo hata siku moja, kwa sababu vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Po ikaushwe imeinamishwa, mbali na bidoni za maji ya kunywa na mbali na mbabula, yaani jiko la makaa.

Ikipasuka, usiichome kwa kisu cha moto ili kuiziba. Ule mshono utanasa uchafu na utamfinya mtoto. Ununue nyingine, na ya zamani isigeuzwe kopo la kutekea maji.