Odyssey PC680 kwenye Subaru Impreza: kilo 8 za pua na masharti yake

Betri ya kawaida ya Impreza WRX, ile ya saizi ya D23L, ina uzito wa kilo 15 hivi. Odyssey PC680 ina kilo 7. Kilo 8 zinazopungua zinatoka mbele kabisa, chini ya boneti ya gari ambalo pua yake tayari ni nzito kwa kuwa injini imetangulia ekseli ya mbele. Anayekimbiza Subaru kwenye autokrosi au kwenye lami iliyofungwa anajua tabia hiyo: unakata usukani, gari linang'ang'ania kwenda mbele. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuinunua betri hii. Gari la kwenda kazini na kurudi halitapata faida yoyote, litapata usumbufu tu.

Tuanze na hesabu, maana duka halitakufanyia. Impreza yenye turbo ina kilo 1,250 hadi 1,450 kutegemea toleo, kwa hiyo kilo 8 hazifiki hata asilimia moja. Tairi la spea, jeki na spana zake ni kilo 15 au zaidi, na kuvitoa ni bure. Petroli ina gramu 740 hivi kwa lita. Ukiingia mashindanoni na lita 20 badala ya tangi kamili la lita 60, umeshusha karibu kilo 30. (Usishuke chini ya robo tangi. Kwenye kona ndefu mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na turbo ikiwa inasukuma wakati huo injini inaungua kwa kukosa mafuta.) Kiti cha nyuma nacho kinatoka kwa bolti chache. Aliyebeba spea na tangi lililojaa hadi mdomoni, kisha ananunua betri ya bei ya juu ili apunguze kilo 8, anaanza ujenzi kwenye paa.

Sasa betri yenyewe. PC680 inatengenezwa na EnerSys. Ni betri ya risasi kama zile tunazozijua, ila mabamba yake ni membamba, ya risasi safi, na tindikali imenyonywa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo (aina hii huitwa AGM). Haina maji ya kuongeza, haimwagiki ukiilaza ubavu, na inavumilia mtikisiko wa barabara ya changarawe kuliko betri ya maji, kwa sababu mabamba yamebanwa pamoja na hayana nafasi ya kucheza. Urefu wake ni milimita 185 na upana 79. Ukiiweka kwenye kitako cha D23L inaonekana kama mtoto aliyevaa koti la baba.

Namba ya 680 imewapotosha wengi. Hicho si kipimo cha ampea za kuwasha injini kwenye baridi. Kipimo cha baridi, kile cha nyuzi 18 chini ya sifuri, ni ampea 170, na mtu akilinganisha na betri yake ya zamani anashtuka. Kwa Dar es Salaam au Mombasa kipimo hicho hakina maana kubwa, na hata asubuhi ya Julai pale Limuru stata ya EJ20, injini ya Impreza yenye turbo, inazunguka vizuri, mradi betri imejaa. Tatizo la PC680 haliko kwenye nguvu ya kuwasha. Liko kwenye akiba.

Uwezo wake ni ampea-saa 16. Gari lenye alamu na kifaa cha kufuatilia gari, kama yalivyo magari mengi ya kwetu, hula miliampea 40 hivi likiwa limezimwa. Hiyo ni karibu ampea-saa 1 kwa siku. Baada ya siku 8 nusu ya betri imekwisha. Betri ya D23 yenye ampea-saa 48 ingekaa zaidi ya wiki tatu kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo kabla ya kununua, pima: zima kila kitu, funga milango, subiri dakika 20 hadi 30 kompyuta za gari zilale, kisha weka mita ya ampea kati ya waya hasi na kichwa hasi cha betri. Ukipata zaidi ya miliampea 50, tafuta mwizi huyo kwanza. Mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa ovyo. Gari linalokaa bila kuwashwa wiki nzima lifungiwe swichi ya kukata umeme.

Jambo hilohilo hutokea uwanjani. Feni mbili za rejeta zikivuta ampea 20 kwa pamoja baada ya injini kuzimwa, dakika 10 tu zimekula zaidi ya ampea-saa 3. Ongeza redio na jaribio moja au mawili ya kuwasha injini iliyojaa joto, na utakuwa unaomba waya za kujampu mbele ya watu. Spika kubwa za buti na betri hii havikai nyumba moja.

Ufungaji ndipo kazi nyingi huharibika. Vichwa vya PC680 si vile vinene vinavyoingia kwenye klempu za kawaida. Ni matundu ya bolti ya M6. Kuna adapta za shaba za kuigeuza, na zinafanya kazi, lakini kila adapta ni kiungo kingine cha kulegea. Bora kata klempu, weka vishikio vya duara vya M6 vilivyobanwa kwa koleo lenyewe la kazi hiyo, si kwa nyundo, na waya usiopungua milimita za mraba 25. Waya mdogo unaokwenda kwenye boksi la fyuzi usiusahau. Uunganishwe kwenye kichwa chanya pamoja na ule mnene. Ondoa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho. Kaza hadi nyutoni-mita 5.6 na usizidishe. Ni nguvu ya mkono kwa spana fupi. Fundi aliyezoea kukaza nati za tairi atachana nyuzi za shaba kwa mzunguko mmoja. Bolti iliyolegea nayo ina balaa lake: muunganisho ukikatika injini ikiwa inafanya kazi, volti za altaneta zinaruka na kuunguza dayodi zake, wakati mwingine pamoja na kompyuta.

Kishikio cha chuma au cha alumini kinachoikumbatia betri pande zote ni lazima. Kamba za plastiki hazifai hata kwa siku moja. Kifuniko cha mpira kiwekwe juu ya kichwa chanya, kwa kuwa betri sasa imekaa mbali na ukuta wa kitako chake na boneti ikikunjwa kwa ajali chuma kitagusa. Kishikio na bolti zake vitakurudishia nusu kilo au zaidi, ihesabu. Ukichomeka umeme tena, washa injini uiache izunguke yenyewe kwa dakika kadhaa bila kugusa pedeli, kwa sababu kompyuta imesahau mzunguko wake wa chini na huenda ikatetemeka mwanzoni.

Kuchaji: betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.84 au zaidi. Isome hivyo dukani kabla ya kulipa. Ikiwa chini ya 12.65, imekaa muda mrefu kwenye rafu bila kuangaliwa, na joto la stoo huongeza kasi ya kuisha. Altaneta itoe volti 14 hadi 14.7. Chaja za gereji zinazosukuma 16 na zaidi zinaiua kimyakimya: gesi inatoka kwenye vali, na maji yakishatoka humo hayarudi. Tumia chaja yenye mpangilio wa AGM na ampea 6 au zaidi. Vile vichaja vidogo vya pikipiki havitoshi kuirudisha ikishashuka sana.

Je, lithiamu? Betri za lithiamu ya chuma na fosfeti za daraja hili zina kilo 2 hadi 4, kwa hiyo zinaokoa kilo 3 hadi 5 nyingine. Gharama yake inapanda sana, inataka saketi nzuri ya ulinzi ndani yake, haipendi kukaa karibu na turbo, na kuisafirisha kwa ndege ni kazi ya makaratasi kwa sababu ni mzigo wa hatari. PC680 husafirishwa kama betri isiyomwagika, jambo linalopunguza usumbufu kwa anayeagiza kutoka nje.

Kuihamishia buti hatushauri. Waya wa mita 5 wenye milimita za mraba 50 ni kilo 2 na zaidi za shaba, unahitaji fyuzi kubwa karibu na betri, na kwa betri nyepesi namna hii faida iliyobaki ni ndogo. Iache mbele, isogeze karibu na ukuta wa injini kadiri waya zinavyoruhusu, mbali na bomba la turbo. Toleo lenye koti la chuma, PC680MJ, ndilo la kuchagua ikiwa nafasi iliyobaki ni ya joto.