Aptamil Pepti, Nutramigen na Neocate: kopo lipi kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa?

Mtoto anatapika kila akimaliza chupa, choo kina makamasi yenye nyuzi za damu, mashavu yamechubuka kwa pumu ya ngozi. Mzazi anaambiwa "badilisha maziwa". Anafika duka la dawa na kukuta rafu nzima ya makopo, karibu yote yakidai kuwa laini kwa tumbo la mtoto. Mengi ya makopo hayo hayatamsaidia mtoto huyu, na machache yatamdhuru. Hapa tunapima matatu yanayofahamika sana, yaani Aptamil Pepti, Nutramigen na Neocate LCP, lakini kwanza tuyaondoe yale yasiyofaa.

Mzio wa maziwa ni kinga ya mwili kuiona protini ya maziwa ya ng'ombe kama adui. Protini zenyewe ni kasini, ile inayoganda, na zile zinazobaki kwenye majimaji maziwa yakishaganda. Laktosi ni sukari, haihusiki na mzio. Kwa hiyo kopo lililoandikwa "halina laktosi" na hapo hapo lina protini nzima ya ng'ombe halina maana kwa mtoto huyu. Makopo yenye herufi HA, au yanayosifiwa kwa kutuliza msokoto wa tumbo, protini yake imevunjwa nusu tu, na vipande vilivyobaki ni vikubwa vya kutosha kuamsha mzio uliokwisha kuanza. Maziwa ya mbuzi nayo yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, na watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye mzio wa ng'ombe huyakataa pia. Ya soya, wataalamu wa Ulaya hawayashauri kabla ya miezi sita, na sehemu ya watoto ambao mzio wao uko tumboni huishia kuikataa soya vilevile. Vinywaji vya lozi, shayiri au mchele havina protini wala madini ya kumkuza mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Vimefanana na maziwa kwa rangi tu.

Na kama mtoto ananyonya titi, asiachishwe ili aanzishiwe kopo. Mama ndiye anayeacha maziwa yote na vitu vyenye maziwa, kwa wiki mbili hadi nne, huku akipata kalsiamu takribani mg 1,000 kwa siku na vitamini D mikrogramu 10. Kopo ni la mtoto ambaye tayari anatumia chupa, au ambaye titi halimtoshi.

Tuanze na Aptamil Pepti. Protini yake ni ile ya majimaji ya maziwa, imekatwakatwa sana mpaka kinga ya watoto wengi haiitambui tena. Ina laktosi, na hilo linawatisha wazazi bila sababu, kwani laktosi ndiyo inayolifanya liwe kopo lenye ladha nzuri kuliko mengine mawili, na husaidia kalsiamu kufyonzwa. Kwa mtoto mwenye mzio wa wastani tungeanza na hili. Tungeliacha ikiwa mtoto ametoka kwenye kuharisha kwa muda mrefu na utumbo umechubuka, kwa kuwa kwa wakati huo hata laktosi inaweza kumsumbua.

Nutramigen ni la zamani zaidi, limekuwepo tangu 1942. Protini yake ni kasini iliyovunjwavunjwa, na halina laktosi. Ladha ni chungu, na unga una harufu ya viazi vilivyochemshwa vikalala. Matoleo mengi yameongezwa bakteria rafiki aitwaye LGG, na hapo ndipo penye jambo la kuangaliwa kwa makini. Maziwa ya unga si tasa. Yanaweza kubeba bakteria Cronobacter, ambaye ni nadra lakini huua watoto wachanga, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza unga utiwe kwenye maji yenye nyuzi 70 au zaidi. Nyuzi hizo hizo zinamuua LGG, kwa hiyo mtengenezaji anaelekeza maji yachemshwe kisha yaachwe yapoe. Mzazi hawezi kufuata maelekezo yote mawili kwa kopo moja. Msimamo wetu ni kwamba mtoto wa chini ya miezi miwili, aliyezaliwa njiti, au mwenye kinga dhaifu apewe kopo lisilo na LGG, au maziwa ya maji yaliyofungwa tasa kiwandani. Hofu hii ina msingi, kwani tarehe 31 Desemba 2023 makopo 675,030 ya Nutramigen ya unga yalirudishwa kutoka sokoni Marekani kwa kuhofiwa kuwa na Cronobacter, ingawa hakuna mtoto aliyeripotiwa kuugua. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya kampuni nyingine, na Alimentum na EleCare, yote ya watoto wenye mzio, yakarudishwa. Namba ya toleo iliyo chini ya kopo isitupwe kabla kopo halijaisha.

Ili kopo la protini iliyovunjwa sana likubalike kuwa la watoto wenye mzio, majaribio yanapaswa kuonyesha kwamba angalau watoto 9 kati ya 10 wanalimudu. Yule mmoja aliyebaki ndiye mwenye Neocate. Hapa hakuna vipande vya protini kabisa, ni asidi za amino, yaani chembe ndogo zinazojenga protini, zilizochanganywa moja moja, kwa hiyo hakuna kitu cha kuamsha mzio wa maziwa. Linamfaa mtoto aliyewahi kupata mzio wa ghafla wa kuhatarisha maisha, aliyeacha kuongezeka uzito, mwenye uvimbe wa umio unaotokana na mzio, au aliyetumia Pepti au Nutramigen ipasavyo bila nafuu. Kosa tunaloliona likirudiwa ni kulichukua kwanza "ili kuwa na uhakika". Ni kopo la gharama kubwa kuliko mengine, ladha yake ni kali, na mwaka 2017 ripoti ya kitabibu ilieleza upungufu wa fosfati na mifupa kudhoofika kwa watoto waliokuwa wakilitumia, wengi wao wakiwa na magonjwa mengine mazito na wakilishwa kwa mpira. Mtoto anayeishi kwa Neocate peke yake kwa miezi mingi apimwe fosfati katika damu. Mengine ya aina hii ni EleCare, Alfamino na PurAmino.

Sasa kijiko, kwa sababu makopo mengi "yaliyoshindwa" hayakushindwa yenyewe. Kijiko cha Neocate LCP huenda na ml 30 za maji. Kijiko cha Nutramigen inayouzwa Marekani huenda na wakia mbili, karibu ml 60. Chupa ya ml 180 kwa Neocate inataka vijiko sita, kwa Nutramigen hiyo vitatu. Mzazi aliyezoea sita akahamia kwenye kijiko kikubwa anampa mtoto maziwa mazito maradufu, na matokeo yake ni choo kigumu, kiu, kilio, na chumvi kupanda kwenye damu. Akikosea kwa upande wa pili anampa maziwa mepesi nusu, mtoto anashika njaa kila saa moja na uzito unasimama, kisha lawama inaliangukia kopo. Kijiko cha kopo lililoisha kitupwe siku hiyo hiyo.

Maji hutangulia. Pima ml 180 kwenye chupa iliyosimama mezani, si iliyoshikwa mkononi, kisha tia unga. Ukitanguliza unga na kujaza maji mpaka mstari wa 180, unga umeshachukua nafasi na maji yamepungua. Kijiko kichotwe bila kushindiliwa, kisawazishwe kwa kisu kikavu. Usistuke maziwa yakivuka mstari, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa makopo yasiyo na LGG, maji yachemke, yakae yasizidi dakika 30 ili yabaki juu ya nyuzi 70, unga utiwe, kisha chupa ipozwe kwenye bakuli la maji baridi na kudondoshwa tone kifundoni mwa mkono. Kutikisa kwa nguvu kunajaza povu, na mtoto anameza hewa, kwa hiyo zungusha chupa taratibu na subiri povu lishuke. Maziwa haya ni mepesi kuliko ya kawaida, hivyo chuchu yenye tundu kubwa itampalia mtoto. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya saa mbili yamwagwe. Yaliyotengenezwa yakaingia friji mara moja, bila kuguswa na mdomo wa mtoto, yanadumu saa 24.

Ladha ndiyo vita kubwa. Mtoto wa chini ya miezi minne kwa kawaida hunywa bila ugomvi. Aliyevuka miezi sita ameshajua maziwa matamu yalivyo, na atafunga mdomo. Ikiwa mzio wake ni wa polepole, yaani dalili huja saa kadhaa au siku baadaye, na daktari ameridhia, mchanganyiko wa hatua kwa hatua hufanya kazi: kwa chupa ya ml 120, siku mbili za kwanza tia ml 30 za maziwa mapya na ml 90 za aliyoyazoea, kisha nusu kwa nusu, kisha 90 kwa 30. Kila maziwa yatengenezwe peke yake kwa kijiko chake, ndipo yachanganywe yakiwa tayari. Kwa mtoto anayevimba midomo au kutoka vipele ndani ya dakika chache njia hii ni marufuku, anahama mara moja. Matone machache ya vanila isiyo na pombe husaidia, na kikombe chenye kifuniko huzuia harufu isimfikie kabla ya ladha.

Choo kitageuka kijani kibichi au kijani cheusi, kilaini, chenye harufu kali. Huko si kuharisha, na ni sababu ya kusikitisha ya wazazi kuacha kopo linalofanya kazi. Cha kumpeleka mtoto kwa daktari ni damu inayoongezeka, choo cha majimaji matupu, na nepi zinazokaa kavu.

Subira ina vipimo vyake. Kutapika na kulia huanza kupungua ndani ya siku chache hadi wiki. Damu kwenye choo mara nyingi hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Ngozi huchukua hadi wiki nne. Anayebadilisha kopo kila siku ya tatu hataujua ukweli kamwe. Wiki nne zikipita bila nafuu, kabla ya kuhamia Neocate tafuta maziwa yaliyojificha: uji uliotiwa maziwa ya unga, biskuti, kikombe cha ndugu yake, matone ya bakteria rafiki, hata dawa. Kwenye vibandiko soma kasini, kaseineti, siagi, samli, maziwa ya unga na majimaji ya maziwa. Krimu ya chai inayotajwa kuwa "si ya maziwa" inaweza kuwa na kaseineti. Nafuu ikipatikana kwa mzio wa polepole, daktari ataagiza maziwa ya kawaida yarudishwe kidogo ili kuthibitisha. Wazazi wengi wanaikwepa hatua hii, na mtoto anabeba jina la mzio ambao pengine hana.

Chakula kigumu kinaanza karibu na miezi sita, kamwe si kabla ya wiki 17. Anza na robo kijiko cha chai cha chakula kimoja kipya, asubuhi, kisha subiri siku tatu kabla ya kingine. Asubuhi ni kwa sababu likitokea la kutokea, mchana wote upo mbele. Kuna watoto ambao saa moja hadi nne baada ya kula hutapika mfululizo, wakapauka na kulegea. Huo ni mzio wa utumbo, na licha ya maziwa na soya unaweza kuchochewa na mchele au shayiri, vyakula ambavyo kila mtu hudhani ni salama. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Yai na karanga visicheleweshwe kwa woga. Utafiti wa LEAP uliochapishwa 2015 ulianza na watoto wa miezi 4 hadi 11 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, na waliolishwa karanga mara kwa mara walikuwa na mzio wa karanga pungufu kwa asilimia 81 kuliko waliozuiwa karanga, walipofika miaka mitano. Watoto wa kundi hilo wapimwe kwanza mzio wa karanga. Kwa wengine, vijiko viwili vya chai vya siagi laini ya karanga vikorogwe na vijiko viwili hadi vitatu vya maji ya moto mpaka viwe uji mwepesi, vipoe, apewe ncha ya kijiko, na asubiriwe dakika kumi. Punje nzima hapana, zinapalia. Maziwa ya kopo yanaweza pia kutiwa kwenye uji ukishaepuliwa, na mtoto huzoea ladha yake huko kabla ya kuikubali kwenye chupa.

Kopo lililofunguliwa likae mahali pakavu, si kwenye friji ambako unga hushika unyevu. Mengi hudumu wiki nne, kwa hiyo tarehe ya kufungua iandikwe juu ya kifuniko. Baada ya miezi sita hivi bila maziwa, mtoto akiwa na miezi 9 hadi 12, mwenye mzio wa polepole hujaribiwa upya kwa chembe ya biskuti iliyookwa na maziwa, kwa vile moto wa oveni huibadilisha protini. Aliyewahi kupata mzio wa ghafla hujaribiwa kwa mtaalamu tu, hospitalini. Jaribio likishindwa, arudi kwenye kopo lake, na lirudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita.