Uzoefu wangu na rimoti moja ya TV, dikoda na hom theta

Wadau, kama sebuleni una TV, dikoda na hom theta alafu kila kimoja na rimoti yake, nunua rimoti ya kukopi, yaani ile inayojifunza batani kutoka kwenye rimoti zako za zamani. Nimesema ya kukopi, sio ile ya kuingiza namba tu. Zote mbili zinauzwa Kariakoo, ukizipanga juu ya meza huwezi kuzitofautisha, na muuzaji akikwambia "hii inawasha kila kitu bosi" ujue ni kweli inawasha, ila kuwasha ndio kazi ndogo kuliko zote.

Mi nilianza na ya namba. TV yangu ni LG, hom theta ni Sony ile ya DVD yenye spika tano na sabufa, na dikoda ni ya Azam. Zile za namba ndani zimeshawekewa lugha za kampuni mbalimbali, kazi yako ni kushika batani ya TV mpaka taa iwake, unaingiza namba ya kwenye kikaratasi, basi. Kwa TV haikunisumbua kabisa, na hata usipokuwa na kikaratasi kuna ile ya kutafuta yenyewe, unashikilia batani, rimoti inatuma namba moja baada ya nyingine, TV ikizima unaachia hapohapo unabonyeza kuhifadhi. Kwa LG, Samsung, Sony, Hisense na TCL sidhani kama utapata shida.

Shida ni hom theta. Kwanza kwenye kikaratasi usitafute upande wa redio au amplifaya, nyingi za DVD zimepangwa kwenye orodha ya DVD, yangu niliikuta huko. Nikaingiza namba, ikawaka, sauti ikapanda ikashuka, ukiishia hapo utaona umemaliza. Sasa jaribu kubadilisha kutoka DVD kwenda sauti ya TV. Kwenye rimoti ya Sony kuna batani imeandikwa FUNCTION, ndio inayokutoa kwenye DVD ikupeleke kwenye TV au USB au redio, na kwenye hii ya namba haikuwepo popote. Kila namba ya Sony niliyojaribu ilikuwa na kipande, hii ina sauti haina mishale ya menyu, ile ina mishale lakini haifungui trei ya CD. Hom theta bila FUNCTION ina maana gani sasa? Unawasha inakaa kwenye DVD, unaangalia mpira kimya.

Hizi rimoti zinatuma mwanga ambao jicho halioni, unawaka na kuzima kwa kasi, nyingi zinatumia mapigo kama elfu 38 kwa sekunde, Sony wao wanatumia elfu 40, na kila kampuni ina mpangilio wake wa kuandika amri. Rimoti ya namba inajua amri ilizowekewa na aliyeitengeneza, na kama yeye hakuweka FUNCTION hauna pa kuitoa. Ya kukopi haihitaji kujua hiyo ni kampuni gani, inaangalia mwanga unaotoka kwenye rimoti yako ya zamani, inaukariri ulivyo, kesho inautoa vilevile. Na sio kitu cha jana, Steve Wozniak yule wa Apple mwaka 1987 kampuni yake ya CL 9 ilitoa rimoti ya namna hii inaitwa CORE. Leo unaipata dukani kwa bei ya kawaida kabisa, yangu haikufika elfu ishirini.

Sasa kuifundisha. Weka betri mpya kwenye zote mbili, hii usiidharau maana rimoti ya zamani yenye betri iliyochoka inatoa mwanga hafifu na mwenzake anakariri makosa. Zilaze juu ya meza, pua kwa pua, nafasi ya vidole viwili katikati, na usiguse tena mpaka umalize. Kaa mbali na dirisha lenye jua. Kwenye yangu unashikilia batani ya kujifunza taa nyekundu inawaka ikatulia, unabonyeza batani unayotaka ifundishwe taa inaanza kukonyeza, yaani imetega sikio, ndio unabonyeza ile ya rimoti ya zamani. Ikipokea inakonyeza harakaharaka alafu inatulia, unaenda batani inayofuata bila kutoka.

Hapo kwenye kubonyeza rimoti ya zamani kuna siri ambayo kijitabu hakisemi. Bonyeza kifupi uachie, usishikilie. Rimoti nyingi ukishikilia zinatuma amri kamili mara moja tu, baada ya hapo zinatuma kaishara kafupi ka kusema "endelea kama mwanzo". Sasa ukishikilia muda mrefu ya kukopi inaweza ikakamata kale kaishara badala ya amri yenyewe, ukijaribu unaona taa ya rimoti inawaka lakini TV haina habari. Wengi wakifika hapo wanasema rimoti ni feki wanarudisha dukani. Sio feki, ifundishe tena hiyo batani kwa kifupi. Na kila ukimaliza batani tano sita toka ukajaribu kwenye chombo chenyewe, usifundishe zote arobaini ndio uanze kujaribu.

Kitu kilichonifanya niipende kweli ni hiki. Mama anakaa na sisi, anapenda taarifa ya habari na tamthilia, na rimoti tatu zilikuwa zinamnyima raha, anataka kupunguza sauti anashika ya dikoda, inapunguza ya dikoda, hom theta iko vilevile, baadae mtu anapandisha huku na kule sauti inakuwa na mikwaruzo haijulikani inatoka wapi. Hata hizi rimoti za zote kwa moja zina batani za juu za kuchagua chombo, TV, SAT (upande wa dikoda), DVD, na kumwambia mama kila saa "mama bonyeza kwanza SAT" sio heshima na sio suluhisho. Lakini ya kukopi haijali unafundisha nini chini ya batani gani! Kwaiyo chini ya SAT nimefundisha chaneli, namba na mishale kutoka dikoda, sauti na kuzima sauti kutoka hom theta, alafu batani nyekundu ya kuwasha nikaipa ya TV. Zile batani za rangi ambazo hazina kazi, ya njano nikaipa kuwasha hom theta na ya bluu nikaipa FUNCTION. Sauti ya dikoda niliipandisha juu nikaiacha hapo moja kwa moja, mkubwa wa sauti ni hom theta peke yake. Mama yuko upande wa SAT siku zote, hajui kama kuna pande nyingine na hana haja ya kujua. Nimembandikia kipande cha plasta kwenye ya bluu aisikie kwa kidole hata taa zikiwa zimezimwa.

Niseme na isipoweza maana sitaki mtu anunue alafu anilaumu. Inakopi mwanga tu. Kitu kinachotumia Bluetooth haikioni, kwa mfano rimoti ya Fire TV Stick, au zile za boksi za Android ambazo unaongea nazo, mara nyingi ni batani ya kuwasha TV na za sauti tu zinazotoa mwanga, zingine zote ni Bluetooth. PS4 na PS5 nazo hazina jicho la kupokea mwanga, kwaiyo ziondoe kwenye hesabu. Namna rahisi ya kujua, fungua kamera ya simu, elekezea pua ya rimoti, bonyeza, ukiona kataa ka zambarau kanawaka basi inakopika. Kamera ya nyuma ya simu nyingine inachuja huo mwanga, jaribu ya mbele kabla hujakata tamaa.

Wale wenye Redmi yenye jicho la mwanga juu mnaweza kusema mna rimoti ndani ya simu, sawa, programu yake ni nzuri na mi naitumia nikiwa ugenini, ila simu unatoka nayo kwenda kazini na waliobaki nyumbani wanabaki bila rimoti. Na kama hom theta yako ni mpya na imeungwa HDMI kwenye tundu la ARC (lile linalorudisha sauti ya TV kwenye hom theta), ingia kwanza kwenye mipangilio ya TV uwashe ile ya vyombo kuongea, LG wanaiita Simplink, Samsung Anynet+, Sony Bravia Sync, hapo rimoti ya TV inaweza kupandisha sauti ya hom theta yenyewe na ukaokoa pesa yako. Yangu ni ya zamani haina hiyo.

Ukienda dukani nenda na rimoti moja ya nyumbani. Mwambie muuzaji akopi batani moja mbele yako, alafu toa betri, kaa dakika chache huku mnapiga stori, rudisha, angalia kama bado inakumbuka. Zipo zinazosahau kila kitu betri ikitoka, hizo ziache hapohapo hata kwa bei ya bure. Yangu nimeshaibadilisha betri na haijasahau hata batani moja. Nachoona kasoro ni maandishi ya kwenye batani, yameanza kufutika upande wa sauti.

Na za asili ukishakopi usitupe, toa betri uzifunge kwenye mfuko uweke kabatini, siku mtoto akiangusha hii kwenye ndoo ya maji utazihitaji kufundisha nyingine. Kama ya asili ilishapotea zamani usikimbilie namba, ulizia jirani au ndugu mwenye chombo kama chako, muombe rimoti yake jioni moja, kopi batani zote, mrudishie.