Nilitaka mzinga wa Burma, boksi likaniletea wa jangwani

Niseme mapema: ukiagiza boksi hili la mzinga mdogo wa kuunda kwa ajili ya keya (askari Waafrika wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza), kuna kazi ya ziada inakungoja.

Ni 25-pounder ya Waingereza, plastiki, kipimo cha 1/35. Mzinga wenyewe ulikuwa na urefu wa meta 4.6 hivi, kwa hiyo ukishauunda unapata kitu cha sentimita 13, kinakaa vizuri kwenye rafu. Jina limetokana na uzito wa kombora, ratili 25, yaani kilo 11.3. Ulikuwa na tabia mbili: ulipiga kwa kunyoosha kama bunduki kubwa, na ulipiga kwa kurusha juu kama mzinga wa aina ya hauitza, hadi kilometa 12 na kidogo.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile sahani ya chuma ya mviringo. Mzinga ukiwa chini kwenye magurudumu, mtutu unaweza kugeuka digrii 4 tu kila upande. Ukipandishwa juu ya sahani, mtu mmoja ananyanyua mkia na kuuzungusha mzinga mzima kokote adui anakotokea, na kule jangwani vifaru vilitokea popote. Kwenye boksi sahani imechongwa kwa unadhifu, na unaweza kuining'iniza chini ya mkia kama mzinga uko safarini. Usiigundishe. Mimi niliigundisha, nikajuta usiku huohuo.

Risasi nazo zimo, ndogo kama punje za mchele. Kombora lilisukumwa kwanza, kisha ganda la shaba lenye vifuko vya baruti: chekundu, cheupe na cha bluu. Ukitaka kupiga karibu unachomoa kimoja au viwili. Maganda niliyapaka rangi ya kucha ya dhahabu ya dada yangu, na hakuna aliyegundua (dada aligundua).

Sasa malalamiko. Sanamu zote za askari zilizomo ni Waingereza wa kaptula, tayari kwa vita vya El Alamein, Misri, usiku ule wa tarehe 23 Oktoba 1942 mizinga karibu 900 ilipofungua moto kwa pamoja. Sawa, lakini mimi nilitaka Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 ndani ya mvua na matope hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin. Wapigaji mizinga wa huku kwetu walikuwemo. Ilinibidi nizichonge upya kofia kwa udongo wa epoksi, zile za ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, nikachanganya rangi ya ngozi mara nne ndipo ikanikaa. Nyuso mbili zimetoka vizuri. Ya tatu nimeigeuza itazame ukutani.

Ngao ya mzinga ilifika imepasuka, na wakala aliyeniletea mzigo alinijibu kwamba plastiki ndivyo ilivyo. Niliiziba kwa putii, nikaifunika kwa matope ya chai iliyokauka na gundi nyeupe. Bahati nzuri Burma inasamehe matope.

Rangi za kazi hii hazipatikani kirahisi, nami nilitumia ya kupulizia magari. Puliza kwa mbali, tabaka jembamba, la sivyo misumari yote midogo ya ngao inazama. Na gundi ya kawaida ya viatu iache kabisa. Tafuta ile nyepesi kama maji, inayoyeyusha plastiki kidogo.

Bei ya boksi na gharama ya kulisafirisha zilikaribiana, na hapo ndipo wengi watakwama. Kwa anayeanza, ningemwambia atafute kwanza kitu chenye vipande vichache. Vipini vya kulengea hapa ni vidogo mno na nimepoteza kimoja chini ya jokofu.

Hata hivyo nimeagiza la pili. Huko Burma baadhi ya mizinga hii ilifungiwa ekseli fupi na magurudumu ya jeep, ipite njia za msituni, na mpwa wangu ana jeep ya 1/35 aliyoikanyaga mwenyewe. Magurudumu yake manne bado mazima.