Pikipiki ya kwanza ya spoti, ya zamani: ipi ununue Lubumbashi, na uiongeze nini

Mvua zikikatika mwezi wa nne, simu yangu huanza kuita. Ni vijana wa Kampemba, wa Katuba, juzi hata dada mmoja wa Ruashi: "Yaya, nimejikusanyia. Ninunue gani?" Hawaulizii TVS ya kubebea abiria. Wanaulizia pikipiki ya spoti ya zamani: usukani wa chini, plastiki ya kukata upepo, silinda mbili au nne, sauti inayomfanya mtoto aache mpira ageuke kutazama.

Mpangilio wangu haufuati mwendo wala urembo. Unafuata swali moja: ikikuzimikia Likasi siku ya Jumapili, kilomita kama 120 kutoka nyumbani, nani ataiamsha, na kwa kipuri gani?

Jambo moja kabla ya majina. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Bugi (plagi za kuwashia) zinatoka nyeusi kwa masizi, injini inavuta kwa uvivu, mnunuzi anadhani imechoka. Mara nyingi haijachoka. Inahitaji fundi mwenye subira na jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ndogo kidogo. Kwa hiyo usiikatae pikipiki kwa moshi mweusi peke yake. Moshi wa buluu ndio wa kuogopa, maana hiyo ni oili inayoungua.

Ya kwanza: Suzuki GS500. Ilitoka mwaka 1989, ina silinda mbili, cc 487, na inapozwa kwa hewa tu. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mpira wa maji wa kupasuka ukiwa katikati ya malori ya shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa. Nguvu yake ni karibu farasi 50, ambayo kwa mtu anayetoka kwenye cc 125 ni nyingi, lakini inakuja taratibu, haikurushi. Kuanzia mwaka 2004 kuna GS500F iliyovaa plastiki nzima. Ile ya zamani iko uchi, na mimi naipenda zaidi kwa mwanafunzi, kwa sababu utaiangusha. Kila anayeanza huangusha, mara nyingi ikiwa imesimama, kwenye changarawe, mbele ya watu. Ikiwa uchi unanyoosha mkono wa klachi na kuendelea. Ikiwa na plastiki unaanza kutafuta kipande ambacho hakipo mji mzima.

Ugonjwa wake ni valvu. Zinapangwa kwa visahani vya chuma vyenye unene tofauti, si kwa skrubu, na zisipopimwa kwa muda mrefu nafasi inajibana. Dalili ni hii: asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita inakataa kuwaka, ikishapata joto inakuwa malaika. Ndiyo maana napenda kumwona muuzaji asubuhi sana, bila kumwambia saa kamili. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, amekwisha kuiwasha ili usione inavyoamka. Kaa, kunywa chai yake, subiri ipoe.

Ya pili: Kawasaki EX500, ambayo Ulaya iliitwa GPZ500S. Cc 498, silinda mbili, inapozwa kwa maji, farasi karibu 60. Ilitengenezwa kuanzia 1987 hadi 2009, kwa hiyo vipuri vyake vimetapakaa duniani. Valvu zake ni za skrubu na nati, kazi ambayo fundi yeyote aliyefungua pikipiki ya Kihindi anaijua kwa vidole. Kwa hilo inaishinda GS500. Inashindwa kwa maji na kwa plastiki. Tafuta iliyotengenezwa kuanzia 1994: hapo walibadilisha rimu kutoka inchi 16 kwenda 17 na kuweka diski nyuma badala ya breki ya ngoma. Ya kabla ya hapo ikiletwa kwako hata kwa bei ya zawadi, uliza kwanza tairi la inchi 16 la spoti utalipata wapi.

Hilo la rimu nalirudia kwa kuwa limewaliza wengi. GS500, EX500 ya 1994 na kuendelea, na Ninja 250 ya 2008 na kuendelea, zote tatu zinavaa tairi za ukubwa mmoja: mbele 110/70-17, nyuma 130/70-17. Hiyo ya nyuma ndiyo anayovaa hata Bajaj Pulsar NS200. Kwa mtu wa Lubumbashi hii ni habari kubwa kuliko farasi kumi za ziada.

Ya tatu ni hiyo Ninja 250. Si ya zamani sana, na wenye mapenzi ya vyuma vya 1980 watanuna, lakini kwa mtu mwembamba, au anayetumia pikipiki kila siku kutoka Kasapa hadi mjini, ni chaguo safi. Cc 249, silinda mbili, inapenda kuzungushwa juu. Angalia ilikouzwa mara ya kwanza: za Marekani zina kabureta, za Ulaya zina injekta. Injekta inajirekebisha yenyewe kwa hewa yetu nyepesi, lakini siku pampu ya petroli ikifa, hakuna wa kuiamsha kando ya barabara. Mimi ningechukua ya kabureta.

Ya nne ni ya moyo: Honda VFR400R, ile ya 1989 wanayoiita NC30. Silinda nne kwa umbo la V, gurudumu la nyuma linashikwa upande mmoja tu, kamshafti (vyuma vinavyofungua valvu) zinazungushwa na giya badala ya cheni, na sauti yake ukiisikia hutaisahau. Ilitengenezewa soko la Japani, ndiyo maana hutufikia kwa njia ya Dar es Salaam na Tunduma. Lakini rimu yake ya nyuma ni inchi 18, kabureta nne zimefichwa katikati ya V, na regileta ya umeme ya Honda za miaka hiyo huungua. Inunue ukiwa na pikipiki nyingine ya kwenda kazini.

Ya tano, Yamaha RD350LC ya 1980, cc 347, ya two-stroke, yaani inachoma oili pamoja na petroli. Wazee wetu waliotengeneza AG100 na DT125 za misioni bado wanaijua lugha ya injini hizo. Ila nguvu yake inalala, inalala, kisha inaamka yote kwa mara moja. Si kwa mwaka wako wa kwanza.

Za cc 600 silinda nne na kwenda juu siziweki kwenye orodha. Nimeshika jeneza la rafiki mmoja na inanitosha.

Sasa, ukishaipata, usilete pesa yote. Katika kila dola kumi ulizonazo, acha tatu nyumbani. Hizo tatu ndizo zitakazoifanya iwe yako.

Mimi GS500 yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imepakwa rangi upya, tairi zinang'aa, kashata zote, yaani mikato ya tairi, zimesimama. Muuzaji alikuwa amezipaka mafuta yale meusi ya kung'arisha dashibodi. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, ile inayonyesha juu ya vumbi la miezi sita na kuigeuza lami kuwa sabuni, niliinama kidogo tu kwenye mzunguko wa barabara ya Kasapa, na nyuma ikatoka kama mtu amevuta zulia. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika. Nilipoikagua baadaye, ubavuni mwa tairi, ndani ya kile kiduara kirefu mwisho wa herufi DOT, kulikuwa na tarakimu nne: 2304. Wiki ya 23, mwaka 2004. Tairi lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Kashata zilikuwa nzima kwa sababu mpira ulikuwa umekuwa mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi, haukuwa unalika tena. Soma tarakimu hizo nne kabla hujauliza bei. Likizidi miaka sita, hesabu tairi mbili mpya ndani ya bei.

Baada ya tairi, breki. Mpira unaopeleka oili ya breki ukizeeka unavimba kila ukibana, na nguvu ya vidole vyako inaishia kwenye huo uvimbe badala ya kufika kwenye diski. Agiza mpira uliosukwa kwa waya wa chuma, pedi mpya, na oili mpya ya DOT 4. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo ibadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama hukusafiri. Ukiitazama kwenye kidirisha chake ikiwa na rangi ya chai ya rangi, imekwisha. Hakuna pesa utakayotumia kwenye pikipiki ya zamani itakayokuonyesha tofauti haraka kama hii.

Kisha shokapu za mbele. Za GS500 zinajulikana kwa ulaini: ukibana breki pua inazama mpaka chini, na dodani zetu, yale matuta ya barabarani, hazina huruma. Springi ngumu kidogo ndiyo dawa. Kama hujapata pesa ya springi, weka oili nzito ya shokapu, ya 15, na umwambie fundi akate vipande viwili vya bomba la plastiki la maji, sentimita moja au mbili ndefu kuliko vipande vya zamani, aviweke juu ya springi. Vipande viwe sawasawa kwa milimita. Wakati huohuo abadilishe sili. Kama kuna mduara wa mafuta kwenye nguzo zile zinazong'aa, sili zimekufa, na mafuta hayo yanashuka hadi kwenye pedi za breki.

Ungali na mbele imenyanyuliwa, geuza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi inashika katikati kama inaingia kwenye kishimo, beringi za usukani zimeshapigwa. Ni kazi ya nusu siku, si sababu ya kukataa, ila ni sababu ya kushusha bei.

Petroli. Wengi wetu tunanunua kwa kadafi, wale wauza petroli ya chupa kando ya barabara, na ndani ya chupa kuna maji, kutu na mchanga. Mulika ndani ya tanki kwa tochi, ukiona rangi ya udongo wa Katanga, hiyo ni kutu. Ioshe kabla ya kugusa kabureta, uweke chujio dogo la kuonekana kwenye mpira wa petroli. Ni kitu cha bei ndogo kabisa, na kimeokoa kabureta zangu mara nyingi.

Chujio la hewa usiguse. Vijana wanatupa boksi la asili na kufunga vichujio vya koni kwa ajili ya sauti. Vumbi jekundu la barabara ya Kipushi linapita humo na kusugua silinda kama msasa, na kabureta zinapoteza hesabu. Eshapema (bomba la moshi) ya kelele nayo inaweza kusubiri mwaka mzima. Haiongezi kitu cha maana.

Umeme upime kwa mita: injini imezimwa, betri iwe karibu volti 12.6. Iwake, panda mzunguko hadi 4,000 au 5,000, isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo haichaji. Juu ya hapo inachemsha betri.

Karatasi: namba ya chasisi iliyogongwa shingoni mwa usukani isome kwa macho yako, ilingane na carte rose (kadi ya pikipiki) na karatasi za forodha za DGDA, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona pamesuguliwa au pamepakwa rangi nene, panda taksi urudi nyumbani.

Na taa. Japani, Uingereza, Afrika Kusini na Zambia wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Kioo cha taa kilichotengenezwa kwa nchi za kushoto kinarusha mwanga wake mrefu upande wa kushoto, na kwetu huko ndiko anakotoka dereva wa lori. Unampofusha, kisha mnapishana. Agiza kioo cha soko la Ufaransa au Ujerumani. Kikichelewa kufika, simama usiku mbele ya ukuta, mita kumi hivi, washa taa fupi, utaona pembe ya mwanga inapanda kushoto. Bandika utepe mweusi usioyeyuka kwa joto juu ya kioo, kidogokidogo, mpaka ile pembe ishuke. Mimi nilifanya hivyo na ukuta wa jirani huko Kamalondo, dakika ishirini tu.