Posta hadi Kariakoo kwa miguu: wapunguze Wajerumani, waongeze Kariakoo

Nianze na hukumu kwa asiye na muda: matembezi haya ya historia ya Dar es Salaam yanastahili shilingi 25,000 nilizolipa, ila kinachostahili ni kile kipande ambacho waandaaji wenyewe wanakipitia mbio mbio. Upande wa baharini tulikaa mno. Kariakoo tulipita kama tunafukuzwa.

Mnakutana Jumamosi saa moja na nusu asubuhi mbele ya Boma la Kale, Barabara ya Sokoine. Jengo ni la miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultan Majid, kabla Mjerumani hajahamishia makao yake hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene hasa. Kijana aliyetuongoza kazi anaijua: sauti inasikika, hasomi kwenye simu, na swali asilolijua anasema halijui. Kwa hilo peke yake nampa maksi.

Basi yakaanza ya Wajerumani. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na vijipaa vyake vya vigae vyekundu juu ya madirisha. Majengo ni mazuri, sikatai, lakini ukisikiliza muda wote huo utadhani mji huu haukuwa na mafundi wala vibarua. Atiman House iliambulia dakika mbili, wakati Adrian Atiman mwenyewe alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, akasomea udaktari Malta, akaja kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka uzee ukamkuta huko huko. Hayo ilibidi niyachokonoe kwa maswali.

Utamu ulianzia kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. (Mama yangu mpaka leo anauita Acacia, ukimwambia Samora anauliza ndiyo wapi huko.) Sisi tuliofanya kazi Posta tunaipita ile sanamu macho yakiwa kwenye magari. Safari hii tulivuka mpaka kwenye kipilefti chenyewe tukasimama. Kabla ya huyu askari alikuwepo pale Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza wakamng'oa, wakampeleka Ulaya, akaishia Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha miaka ya 1960. Askari alizinduliwa mwaka 1927, na singe yake imeelekea bandarini.

Ila cha kutazama kiko chini. Kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mzee mmoja katika kundi letu, aliyesoma madrasa utotoni, akavaa miwani, akaanza kuyasoma yale ya Kiarabu kwa sauti, kidole kikifuata mstari, huku bodaboda zinatupigia honi. Yanawakumbuka askari wa vita ya 1914 hadi 1918, na wapagazi pia. Kijana alinyamaza mpaka mzee akamaliza, ndipo akasema, "Hao wapagazi, mzee wangu, ndio tunaowafuata sasa." Ningekuwa mimi mwenye kampuni, matembezi yangeanzia hapo.

Uhindini tulipita upesi, na si vibaya. Inua tu macho uone majina na miaka kwenye vipaji vya nyumba za zamani, zile ambazo maghorofa hayajazimeza. Mnara wa Saa ni wa 1961, Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Halafu Mnazi Mmoja. Uwanja ule wakoloni waliuacha wazi makusudi ili utenge Uhindini na Uswahilini, kisingizio kikiwa afya. Ukivuka tu unaingia Lumumba, mtaa ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kijana alizieleza hizo hatua chache vizuri kuliko kitu kingine chochote siku ile, na hakuna aliyegusa simu.

Kisha Kariakoo, ambako Waingereza baada ya kuuteka mji mwaka 1916 waliweka wapagazi wao wa Carrier Corps, na jina Kariakoo likatoka hapo. Soko alilolisanifu Beda Amuli, lile lililoungua Julai 2021, tuliliangalia kwa nje: paa lake ni kama miavuli iliyopinduliwa, ili maji ya mvua yateremke kwenye tangi chini. Nikauliza, na Gerezani hapo jirani je? "Mama, muda umetutupa mkono." Muda gani, na tulikaa kwenye vigae kutwa!

Mengineyo: maji ya kunywa unajinunulia, choo uende kabla hamjaondoka Boma, na viatu viwe vya kutembelea kweli, maana njia ya waenda kwa miguu mara ipo mara imegeuzwa meza ya chaja na soksi. Simu usiishike ovyo Kariakoo. Mwenye magoti mabaya aombe kuishia Mnazi Mmoja, daladala ziko hapo hapo.

Ukiweka nafasi, waambie mapema kundi lenu linataka kufika Lumumba kabla ya saa tatu na nusu. Wenzetu wa wiki iliyofuata waliomba hivyo wakakubaliwa, bei ile ile, wakapata na muda wa kahawa na kashata sokoni.